Kabla ya Kununua Programu, Uliza Swali

Wiki iliyopita mhadhiri msaidizi mmoja, kijana aliyeajiriwa mwaka huu, aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimepewa darasa la takwimu lenye wanafunzi 200. Ninunue programu gani ili wasisinzie?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, lakini swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita, na jibu nililolichagua wakati ule liliniaibisha.

Nilichagua slaidi. Zilikuwa nzuri, sitajidharau: rangi zilizopangika, michoro, fomula zikiingia moja baada ya nyingine. Nilizitengeneza usiku, na asubuhi nikazisoma kwa sauti kwa saa mbili, umeme ukiwapo. Mwisho wa muhula zikaja fomu za tathmini, na mwanafunzi mmoja akaandika kwa kalamu ya kijani: "Mwalimu angetutumia slaidi kwenye WhatsApp, nasi tungebaki hosteli." Mkuu wa idara aliisoma mbele ya wenzangu, wakacheka. Nami nilicheka, ila nilipofika nyumbani sikula. Matokeo yalipotoka, theluthi ya darasa ilirudi kufanya sapu.

Aliyenifumbua macho ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Naye alikuwa akisifiwa na wanafunzi wake, hadi alipowapa jaribio la dhana za msingi za nguvu na mwendo, mmoja akamuuliza kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe. Kuanzia mwaka 1991 Mazur akageuza darasa: anatoa swali, kila mwanafunzi anachagua jibu peke yake, kisha anabishana na jirani yake, kisha wote wanachagua tena.

Mimi sikuwa na vifaa vya kupigia kura. Nilikuwa na karatasi. Kila mwanafunzi alikunja karatasi moja mara mbili, akaandika A, B, C na D, herufi moja kila robo. Nikauliza: wafanyakazi wanne wanalipwa shilingi 400,000 kila mmoja, mkurugenzi 4,400,000, mkurugenzi akiongezewa milioni moja, mediani, yaani mshahara wa katikati ukiipanga yote kwa ukubwa, itapanda kwa kiasi gani? Ukumbi karibu wote ulinyanyua B, yaani 200,000, ambalo ndilo ongezeko la wastani. Sikusema kitu, na kunyamaza huko ndiko kulikoniwia vigumu kuliko yote. Niliwaambia wabishane kwa dakika tatu, zikafuata kelele zilizomleta mhadhiri wa ukumbi wa pili kuuliza kama kuna mgomo. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Wa katikati ni mlinzi, na mlinzi hajaongezewa kitu!" Karatasi zilipoinuka mara ya pili, A, yaani haipandi kabisa, zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuhitaji kuhesabu.

Teknolojia ninayoitumia ni ile ambayo mwanafunzi tayari anayo mfukoni. Badala ya video ndefu inayomaliza bando lake, natuma kwenye kundi la WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika tatu na PDF ndogo. Kwenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2002, naweka maswali matatu ya wiki iliyopita, nayafungua tangu usiku ili wenye vifurushi vya usiku wayawahi, na majibu yao ndiyo yanayonionyesha pa kuanzia asubuhi. Tena hayo ni maswali, si maelezo.

Wenzangu, tuache kuwalaumu vijana kwamba hawasomi, huku sisi tunawasomea kama watoto wa chekechea. Uliza kwanza, eleza baadaye. Ukishauliza, nyamaza, hata kama ukimya unakuchoma. Tathmini zangu za mwaka jana zilikuwa za juu kuliko zote katika idara, na safari hii mkuu wa idara hakuzisoma mbele ya mtu.

Nilimtumia kijana wangu haya yote. Amenijibu jana usiku: anashukuru sana, ila anauliza kama hizo karatasi zina programu yake.