Maswali Yenu ya Mtandao: Megabiti, Ukuta wa Mawe na Taa Nyekundu

Assalaam alaykum. Nimelipia intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, lakini nikipakua faili kompyuta inanionesha 1.2 tu. Nimeibiwa? — Msomaji, Chake Chake

Waalaykum salaam. Hujaibiwa, ndugu yetu. Kampuni huuza kasi kwa biti, kompyuta hupima faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 10 kwa 8 upate 1.25. Sehemu ndogo ya hiyo huliwa na anwani zinazosafiri pamoja na data, kwa hiyo 1.2 ndiyo haki yako kamili. Tazama herufi kwenye mkataba: Mbps, yenye b ndogo, ni megabiti, MB/s, yenye B kubwa, ni megabaiti. Filamu ya megabaiti 700 kwa laini yako itachukua kama dakika 10. Ikichukua nusu saa na hakuna mwengine nyumbani anayetumia, hapo una haki ya kulalamika.

Tunakaa nyumba ya zamani ya ghorofa, Mji Mkongwe. Ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, iko ukumbini chini, na chumba cha juu cha nyuma hakishiki kitu. Tumeambiwa tununue kifurushi kikubwa zaidi. Ni kweli? — Bi S., Mkunazini

La, Bi S., pesa hiyo iweke. Kifurushi kikubwa huongeza kasi inayofika kwenye ruta, ukuta hakiupenyi. Kuta zenu za matumbawe na chokaa hufika unene wa nusu mita na kuzidi, tena upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana kila baada ya hatua chache mawimbi hukutana na ukuta mwengine. Nyumba ya matofali ya Mwanakwerekwe yenye ukubwa huohuo haina taabu hii.

Anza na lisilo na gharama. Itoe ruta nyuma ya televisheni, ipandishe juu karibu na ngazi au penye uwazi wa ua wa ndani, kwani mawimbi hupita kwenye uwazi kwa wepesi kuliko kwenye jiwe. Kisha, huko juu, unganisha simu kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini hufia ukutani mapema.

Isipotosha, dawa ni waya wa mtandao, aina ya Cat5e, kutoka ruta ya chini hadi ruta ya pili juu. Waya huu hubeba data mpaka mita 100, kwa hiyo nyumba yenu haiushindi. Ruta ya pili itayarishwe kwanza ikiwa peke yake, na kwa mpangilio huu: iunganishe na kompyuta kwa waya, fungua ukurasa wake (mara nyingi ni 192.168.1.1, angalia kibandiko cha chini), ipe Wi-Fi yake jina na nywila, badili anwani yake iwe 192.168.1.2, na mwisho kabisa zima DHCP. DHCP ndiyo kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta. Wagawaji wakiwa wawili, vifaa hupewa anwani zinazogongana, na leo simu inafanya kazi, kesho haifanyi. Ukiizima kabla ya kumaliza mengine, unaweza kukosa njia ya kurudi kwenye ukurasa ule. Halafu waya uingie tundu lililoandikwa LAN (la vifaa vya nyumbani) pande zote mbili, si WAN (la kupokea intaneti kutoka nje).

Kabla ya kununua waya, kwangua ncha yake kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa tu; hukatika ndani ya kichwa cha RJ45 (kile cha plastiki kinachochomekwa kwenye ruta) bila wewe kuona. Nyuzi ni 8, na kichwani zisifunguliwe msokoto zaidi ya sentimita 1 hivi. Uzi mmoja ukilegea, mara nyingi mtandao haukatiki, bali hushuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100, na watu hulaumu ruta. Hewa ya bahari nayo huzigeuza kijani zile pini za shaba. Kichwa kikifika hapo kikate, ubane kipya.

Simu inaonesha Wi-Fi imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Inawezekanaje? — Mwanafunzi wa skuli, Wete

Kwa sababu Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Ile alama hupima njia ya kutoka simu hadi ruta tu. Kutoka ruta kwenda nje ni njia nyengine, nayo ndiyo intaneti. Fungua ukurasa wa ruta kwenye simu: ukifunguka, ndani ya nyumba hakuna hitilafu, tatizo liko nje.

Kama mna faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga, angalia taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku kinachopokea waya mwembamba. Ikiwa nyekundu, mwanga hauufikii mwisho wa waya, na kuzima na kuwasha hakutasaidia. Tazama kama waya umekunjwa nyuma ya kabati au umebanwa na mlango. Uunyooshe taratibu, na ncha yake usiichungulie kwa jicho, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini hudhuru. Taa ikibaki nyekundu, piga simu kampuni na uwatajie: "LOS nyekundu."