Kwa anayeanza kusoma Kasri la İshak Paşa: usianzie kwenye nakshi

Ukitoka Doğubayazıt, mashariki kabisa mwa Uturuki, ukapanda zile kilomita tano hivi hadi kwenye kasri, kitu cha kwanza kitakachokuvuta ni lango kuu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Limechongwa kwa mtindo wa Waseljuki, waliotawala Anatolia katika karne ya 12 na ya 13, na asiyejihadhari huandika daftarini kwamba jengo ni la enzi hizo. Kumbe ujenzi ulianza mwaka 1685 chini ya Çolak Abdi Paşa, na İshak Paşa akaukamilisha karibu miaka 100 baadaye. Nakshi huigwa hata miaka 500 ikishapita. Soma kwanza ramani na maandishi, urembo utasubiri.

Ramani ni ya Kiosmani waziwazi: viwanja vinafuatana kama katika Topkapı, kasri la masultani kule Istanbul, na kila lango linachuja watu. Uwanja wa kwanza ni wa walinzi na watumishi. Wa pili una selamlık, yaani upande wa kupokea wageni, pamoja na msikiti na kaburi. Ukivuka huo unaingia harem, kwenye vyumba vya familia, jiko kubwa na hamamu. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu hahitaji kuelezwa mara mbili: ni daka, kiwanda, misana, kisha ndani. Majina nayo yasikutishe. Herufi ş ni sh, ç ni ch, na c husomwa j. Kwa hiyo cami ni ile ile Jamia yetu, na ndani ya selamlık imo salamu.

Tarehe ndiyo inayozaa makosa mengi. Maandishi ya mlango wa harem yana mwaka 1199 wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622, unapata 1785. Lakini vitabu vingi vinasema 1784. Sababu ni kwamba mwaka 1199 ulianza Novemba 1784 ukaishia Novemba 1785. Kama huna mwezi, andika 1784/85 na usijifanye unajua zaidi.

Vipimo pia vina mtego. Utasoma kwamba kasri ni mita 115 kwa 50, na mahali pengine kwamba ni mita za mraba 7,600. Zidisha mwenyewe: 115 mara 50 ni 5,750. Basi tarakimu hizo hazipimi kitu kimoja, na kuzinakili zote mbili katika sentensi moja ni kujiumbua. Utasikia pia kwamba kasri lina vyumba 366; hiyo ni hesabu ya masimulizi. Hesabu kwenye ramani, chumba kwa chumba, utaona haifiki hata nusu.

Mwamba una poromoko kali pande tatu, kwa hiyo lango liko mashariki tu, ambako ardhi inakubali. Hata hivyo kasri hili si ngome kamili. Mwaka 1877 askari wa Urusi walizingirwa humu siku 23, na kilichowatesa kuliko vyote ni kiu.

Sasa nakshi. Lango likiangalia mashariki, jua la asubuhi na mapema hulipiga usoni na michongo yote inalala bapa. Subiri kukaribia adhuhuri, mwanga ukiwa unateleza kando ya ukuta: kila jani linajitenga na kivuli chake, na hata patasi ilipopita unapaona. Una kama saa moja, kisha ukuta unaingia kivulini. Alasiri nenda nje ya harem utazame boriti za mbao zilizotokeza ukutani juu ya bonde, zimechongwa mtu, simba na tai. Wageni wengi huzipita kwa sababu hawainui macho.

Ukiwa ndani, usiandike tu "joto la kati", yaani mfumo mmoja wa kupasha jengo zima joto, kwa sababu umeona mifereji ndani ya kuta. Angalia na meko za mawe vyumbani, uzichore zote mbili. Baridi ya huko haikuachiwa njia moja.

Beba penseli za rangi mbili, moja ya jiwe la zamani na moja ya ukarabati. Paa la kioo utakaloliona ni la siku hizi, na jiwe jipya hujitambulisha kwa kingo zake kali zisizolika. Ukichora vyote kwa rangi moja, mchoro wako hautamfaa mtu.