Anayenipigia makofi yuko jikoni kwangu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chake Chake kaniandikia. Alianza kuuza vitafunio, watu wakamsema, akaacha. Anauliza mie nilipata wapi moyo wa kuendelea na mikate yangu, mpaka leo Ramadhani inakaribia na oda nyingine nazikataa. Nilimjibu kwa mkato. Lakini jibu lenyewe ni refu, na wengi wenu mna hamu ile ile ya kusimama na biashara zenu, kwa hiyo nakuandikieni nyote.

Moyo nilipewa na mwanangu wa kike. Ana miaka mitano, yuko skuli ya maandalizi.

Nilipoanza kupika mkate wa kumimina kwa kuuza, oda kubwa ya mwanzo ilitoka ofisi moja hapa mjini, mikate ya futari. Waliichukua, wakafuturu, kisha nikaambiwa mkate mzito na nikalipwa nusu. Haukupita muda jamaa yangu wa karibu akasema mbele ya watu, harusini, kwamba mikate yangu ni ya kula nyumbani, si ya mtu kutoa pesa yake. Watu wakacheka. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile kifua kinanibana, na sioni sababu ya kuficha.

Mwanangu hakuwa na habari na hayo. Yeye alikuwa na kazi moja tu, kuutazama mkate.

Kwa asiyeujua, mchele unaroweka usiku kucha, asubuhi unasagwa na tui zito la nazi, hamira na hiliki mpaka ulainike kabisa, halafu unafunikwa uumuke. Ukishaumuka natia sukari na ute wa yai. Siku hizi tuna blenda, alhamdulillah, ingawa wanaokikumbuka kiza cha Unguja cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme, wanajua kinu kilivyorudi kazini. Basi bakuli likishafunikwa, mtoto haondoki. Ananyanyua pembe ya kitambaa, anachungulia, anafunika. Povu la kwanza likipasuka anapiga kelele: "Mama, unapumua! Mkate unapumua!" Aliyeko ukumbini atasikia, na jirani naye atasikia.

Wengi sasa wanatumia oveni. Mie napika kwa seredani, kama alivyonifundisha marehemu bibi. Unamimina kwenye kikaango kizito chenye mafuta kidogo, chini kukishashika unakinyanyua na kukipindua, uso wa mkate uangalie makaa upate rangi. Hapo hakuna kinachoushikilia. Ama umeganda vizuri, ama unaporomoka. Mwanangu husimama mlangoni, kwani nimemkataza kusogea motoni, mikono yote miwili kichwani, hasemi kitu. Mkate ukibaki anaruka: "Haujaanguka! Mama, haujaanguka!" Anatoka mbio kumwambia babu yake. Kila siku habari ile kwake ni mpya.

Siku moja, maneno ya ile ofisi bado mabichi, mkate mzima uliporomoka ndani ya makaa. Nilikaa chini. Nilikuwa nishasema moyoni kwamba hapa ndio mwisho. Yeye akautazama unavyoungua, akanitazama mie, akasema: "Mama, huo wa kwetu. Unaokuja wa kuuza." Akalichukua bakuli la mchele uliobaki, zito kuliko mikono yake, akanisogezea. Nikainuka nikamimina.

Miezi iliyofuata haina hadithi, ilikuwa kupika na kuuza tu. Leo duka moja la Darajani linachukua mikate yangu kila jioni, na nina wateja Kikwajuni, Mpendae mpaka Fuoni. Mashallah, na ile ofisi nayo imeshapiga simu. Sikuwachukulia oda yao.

Sasa nasema na nyie wazazi wenzangu. Mtoto akikusifu, pokea. Usimwambie "hebu nipishe huko, unanichelewesha." Tunawaambia sana watoto wetu maneno hayo. Tunahangaikia sifa za watu ambao hata mkate hawaujui kuupika, na yule anayetupigia makofi humu ndani tunamtoa jikoni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi kwao ndio hapo, na anayekutunza ndiye huyo anayekufika kiunoni.

Najua mtasema mtoto husifu kila kitu. Si kweli. Kuna mkate nilizidisha hiliki, wa kwangu akaonja, akausukuma: "Huu mchungu." Na kweli ulikuwa mchungu. Mtoto anasema alichokionja kwa ulimi wake. Tofauti yake na yule wa harusini ni kwamba yeye anautaka mkate wa kesho utoke vizuri, na akishasema anabaki pale pale kuungoja.

Kwa hiyo muweke karibu na kazi yako, ushone, usuke ukili, uanike mwani. Mpe kitu kidogo kilicho chake hasa, si cha kumzuga. Wa kwangu huchagua mawe kwenye mchele na huhesabu mayai, akisema limepungua moja limepungua kweli. Akifurahi, furahi naye pale pale, usingoje mpaka kazi iishe, kwa sababu ikisha atakuwa kalala. Na pesa ikiingia mpe fungu lake mkononi, ajue furaha yake ilikuwa na kazi. Sikukuu iliyopita wangu alikwenda na lake viwanjani Mnazi Mmoja, akacheza akashiba, akarudi na kipakti cha ubuyu. Kaninunulia mie. Narudia tena, pokea. Ukimzoesha kwamba furaha yake inakusumbua, ataacha kukuletea, na hutajua siku aliyoacha.

Nyumbani kwetu maandalizi ya mwezi mtukufu yameshaanza. Karafuu na hiliki zimeshanunuliwa, nazi nangojea za shamba. Oda za kumi la mwanzo zimeshajaa. Zote zimeandikwa kwa chaki ukutani karibu na mlango wa jiko, kila mkate na kimstari chake, na aliyeziandika ni yeye.