Mwanangu aniambia bangi imehalalishwa: nimjibu nini?

SWALI

Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mama wa watoto watatu, na tunaishi Toronto, Kanada. Tangu bangi iruhusiwe huku, harufu yake haikwepeki: kwenye lifti, kituo cha basi, njia ya kwendea shule. Jirani wa ghorofa ya chini huvuta usiku na moshi unapanda mpaka chumba wanacholala watoto. Mwanangu mkubwa ana miaka 15. Juzi nilimkataza kufuatana na vijana wanaovuta, akanijibu: "Mama, serikali imehalalisha, na Qurani haikuitaja bangi. Mbona baba anavuta sigara na humwambii kitu?" Nilikosa la kusema. Mume wangu huvuta kibarazani, haingii nayo ndani, na husema sigara ni makuruhu tu, yaani yachukiza lakini si haramu. Hukumu ya bangi ni ipi, mtoto nimjibu nini, na je, nguo na miswala iliyoingia moshi huo yafaa kuswalia?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na la mwisho, maana ndilo jepesi. Nguo zenu hazikunajisika. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kilevi kilicho najisi ni kile cha majimaji. Bangi ni mmea: kuitumia ni haramu lakini yenyewe si najisi, na Imamu Nawawi amelieleza hilo waziwazi. Swala zenu ni sahihi, wala hamna dhambi kwa moshi uliowajia bila kuutaka. Ila Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti, kwa sababu malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Kwa hiyo ianike miswala, ifukize udi, na wala usiwe na wasiwasi.

Ama hukumu ya bangi, ni haramu. Ni kweli kwamba jina lake halimo katika Qurani, na maimamu wanne hawakuizungumzia kwa kuwa haikujulikana katika zama zao. Wanazuoni wanasema ilienea mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijria. Lakini Mtume (s.a.w.) hakutuachia orodha ya majina. Alituachia kipimo: "Kila kinacholevya ni khamri, na kila khamri ni haramu," kama alivyopokea Muslim. Na Sayyidna Umar alisimama juu ya mimbari akasema khamri ni kile kinachofunika akili. Ilipodhihiri hashishi, ambayo ndiyo bangi hii hii, wanazuoni kama Ibn Taymiyya, Zarkashi na wengineo waliipima kwa kipimo hicho wakaiharamisha. Imamu Qarafi alibishana na wenzake iwapo inalevya au inaharibu akili tu, na hata yeye hakuihalalisha. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari mlango wake ni mwingine, na si ulioniuliza.

Sasa tuje kwa kijana wako, na hapa nakuomba tutulie kidogo.

Kwanza, usiliite jibu lake utovu wa adabu. Ameuliza swali la kweli. Alikuja kijana kwa Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa ya kuzini, mbele ya watu! Masahaba wakamkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akamkalisha, akamuuliza: "Je, utalipenda hilo kwa mama yako? Kwa binti yako? Kwa dada yako?" Kila mara kijana anajibu la, wallahi. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Hadithi hii ameipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama. Wazazi wengi tunaanza pale walipoanza masahaba, kwa kukemea, na tunakomea hapo hapo. Mtoto akishakemewa huwa hakuulizi tena. Anakwenda kuwauliza wale wale vijana unaowaogopa.

Kaa naye, na mwambie kwamba neno "serikali imehalalisha" si kweli hata kwa mujibu wa serikali yenyewe. Sheria ya Kanada iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2018 inamruhusu mtu mzima kubeba hadharani gramu 30 za bangi kavu. Ontario, mliko ninyi, mtu mzima kwa jambo hili ni mwenye miaka 19. Yeye ana 15. Na sheria hiyo hiyo inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemuuzia au kumpa bangi aliye chini ya miaka 18. Muulize mwenyewe: kitu kisicho na ubaya, kwa nini waliokiruhusu waweke adhabu nzito namna hiyo kwa atakayempa mtoto? Ni kwa sababu wanajua kwamba ubongo wa kijana bado unajengeka, na unaendelea kujengeka mpaka anapita miaka 20.

Serikali ilipoiruhusu ilikuwa na hesabu zake: kuwanyang'anya wahalifu biashara, kupunguza watu jela, kukusanya kodi. Hesabu hizo hazisemi kwamba ni jambo jema. Na usidhani ni mambo ya Kanada peke yake. Hapa Kenya, katika uchaguzi wa 2022, mgombea urais George Wajackoyah alizunguka nchi akiahidi kwamba bangi italipa madeni ya taifa. Qurani haikukanusha kuwa vilevi vina faida. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, imekiri kuwa vina manufaa kwa watu, kisha ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kijana akijua kwamba Mola wake ameitaja mpaka hiyo faida ndipo akakataza, ataona kuwa dini haimfichi kitu. Akili yake ni amana. Kwa akili hiyo atasimama mbele ya Mola wake katika swala, na kwa akili hiyo atahesabiwa.

Peremende na keki za bangi nazo zimeruhusiwa kuuzwa huko tangu 2019. Hizo hazina moshi wala harufu ya kukushtua, na mtoto mdogo hawezi kuzitofautisha na peremende nyingine. Wafundishe wale wadogo wawili wasile kitu cha kupewa bila ninyi kukiona.

Kuhusu jirani, yeye ana haki ya ujirani hata akikuudhi. Mwendee kwa upole, au mwache mumeo azungumze naye, mumweleze tu kwamba moshi unaingia kwa watoto. Huenda hajui. Asipojali, angalieni mkataba wa nyumba, kwani wenye nyumba wengi huko huweka sharti la kutovuta, na muandikieni mwenye nyumba. Kushitaki kwa njia hiyo si uadui. Mtume (s.a.w.) amesema pasiwe na kudhuru wala kudhuriana.

Nimebakisha la mumeo, na nataka naye alisome.

Ndugu yangu, tumbaku ilifika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijria, na wanazuoni wa mwanzo walitofautiana kwa sababu madhara yake hayakujulikana. Waliosema makuruhu walisema kwa elimu waliyokuwa nayo. Leo elimu imebadilika, na kwa ninavyoona mimi na wanazuoni wengi wa zama hizi, sigara ni haramu, kwa kauli yake Allah: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka wanaouawa na moshi wa sigara za wengine, na watoto hupata pumu, nimonia na maradhi ya masikio. Kibaraza hakitoshi. Unarudi ndani na moshi uko kwenye nguo na ndevu, na mtoto anakukimbilia umpakate.

Mwanao hakutafuta hoja mbali. Akiwa ndani, nyuma ya kioo, anamwona mtu anayempenda kuliko wote akivuta. Tangu 2023 sheria ya huko imeanza kulazimisha onyo lichapwe juu ya kila sigara moja moja, si kwenye pakiti tu. Mojawapo ya maonyo hayo linasema moshi wa tumbaku hudhuru watoto. Leo usiku, kabla hujawasha, isome hiyo iliyo mkononi mwako. Kisha ingia ndani umwite kijana, umwambie kwamba swali lake lilikuwa la haki, kwamba umenaswa na kitu hiki na unataka kutoka, na umwombe akusaidie. Daktari wa familia naye ana dawa na ushauri wa kuachia. Usione haya kumwendea.

Wallahu aalam.