Laptopu imejaa, nifute picha zipi?

Swali: Dada, mi napiga picha upande wa wanawake kwenye harusi huku Lamu, Langoni na Shela. Laptopu imejaa, picha zafika elfu ishirini na nyingi zinafanana. Nianze kufuta zipi? Na nikizihamisha zote kwa diski ya nje si nitakuwa salama?

Jibu: Mdogo wangu, usifute kitu bado. Na ukizihamisha kwa diski moja huna akiba, umehamisha tu shida. Tafuta diski mbili, kopi picha zote kwa diski zote mbili, moja ibaki kwako na nyingine iende kwa mamako ama nyumba nyengine yoyote isiyo yako. Mi nilikuwa na moja tu, nikashuka boti Mokowe mkoba ukaniponyoka ukagonga gati, na hizi diski za kuzunguka, zenye sahani izungukayo ndani, zikipigwa vile ndo basi tena, picha za Maulidi zote zikaenda. Memori kadi nayo usiifomati mpaka uzifungue picha kwenye diski zote mbili uone zafunguka kweli.

Google Photos sawa lakini bure ni giga 15 tu, nazo wagawana na Gmail, na ukifuta kwa simu na huko zafutika, zakaa kwa takataka siku 60 halafu hakuna. WhatsApp usiihesabu kabisa, yapunguza picha. Tena wewe una jambo la ziada, hizo ni picha za watu bila buibui, kwa hiyo diski uzifunge kwa pasiwadi, na usipandishe kitu mtandaoni mpaka bi arusi mwenyewe akubali, wala usimwachie kijana wa saiba akukopie, hata akiwa binamu yako.

Sasa kufuta. Fanya harusi moja moja, folda uzianze na mwaka, 2025-08-16-shela, zitajipanga zenyewe. Usisake mbaya, saka nzuri: pita mbio mara ya kwanza uzipe nyota zilizokushika, kesho yake rudi, zile kumi za hina zinazofanana uzikuze asilimia 100 uangalie vidole na macho, bakisha mbili. Za bibi na mashangazi mi sifuti hata zikiwa na ukungu kidogo, mtu akifa hizo ndo huja kuulizwa.