Klachi ya Corolla inateleza kupanda Sipi, mafundi watatu majibu matatu

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Mbale, tunayo Corolla G-Touring ya 1997, gia za mkono, mzee wangu aliinunua ikiwa imeshatumika na sisi tumeiendesha miaka kumi na moja sasa. Juzi tulikuwa tunaenda msibani Kapchorwa, ndani tuko sita, nyuma magunia mawili ya mchele, tulipoanza kupanda kuelekea Sipi injini ikawa inalia kweli kweli lakini gari haiendi, alafu ikaja harufu ya kuungua mpaka watoto wakashusha vioo. Tuliporudi Mbale kwenye tambarare ikawa kama haina shida. Ila pedali ya klachi inashika juu kabisa, mpaka mguu ukaribie kutoka ndio gari inaondoka, na gia ya nyuma inakwaruza. Fundi wa kwanza anasema ni ya kurekebisha tu, wa pili anasema nunua klachi nzima, wa tatu anasema giaboksi imekufa tutafute nyingine. Nimuamini nani? Na naweza kuendelea kupeleka watoto shule?

JIBU: Poleni sana na msiba dada. Huyo wa tatu tumuweke pembeni kwanza, manake giaboksi ikifa haikupi dalili hizo. Giaboksi mbovu inanguruma, inaruka gia yenyewe ukiwa njiani, ama gia inakataa kuingia kabisa. Haiwezi kukusumbua mlimani na mzigo alafu ikutulie tambarare. Injini inalia, gari haiendi, harufu juu, hiyo ni klachi inateleza, na hapo kati ya fundi wa kwanza na wa pili yeyote anaweza kuwa sawa, kama kuna aliyepima. Naona kama hakuna aliyepima.

Nikueleze kidogo uelewe watakachokuwa wanakwambia. Klachi pleti inabanwa katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na presha pleti, ile sahani yenye springi ya kubana, kama vile uiweke chapati kati ya sahani mbili uzibane, ukizungusha moja na nyingine inafuata. Ukikanyaga pedali unalegeza huo mkono unaobana, ukiachia unabana tena. Sasa lainingi ya pleti, ile ngozi yake ya kushikia, ikiisha, au ikipata oili, au kama kuna kitu kinazuia kubana mpaka mwisho, basi injini inazunguka peke yake na nguvu inageuka joto. Ndio ile harufu. Kwenye tambarare mzigo ni mdogo inajikaza inaenda, mlimani na watu sita na mchele inashindwa.

Kabla hujatoa hata shilingi fanya hivi wewe mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, sukuma pedali ya klachi kwa vidole, si kwa mguu. Kuna kamwendo kadogo mwanzoni ambako pedali inakuwa nyepesi kabla haijawa nzito, kwa hizi Toyota za miaka hiyo ni kama milimita 5 mpaka 15. Ukikuta haipo kabisa, yaani ukigusa tu ni nzito, basi fundi wa kwanza ana hoja, kile kifimbo cha pedali kinachosukuma silinda ya juu, ile pampu ya mafuta ya klachi, kimerefushwa mno na mafuta hayarudi yote, ni kama vile kuna mtu amekanyaga klachi kidogo saa zote. Hiyo ni kazi ya spana mbili na nusu saa, anafungua nati kule juu ya pedali anarudisha. Nimeshaona watu wameshusha giaboksi kwa ajili ya hiyo nati. Lakini usichelewe kurekebisha kwa sababu ikiendelea kuteleza hivyo inaila pleti yenyewe, na ikishaliwa nati haisaidii tena.

Kamwendo kakiwepo, nenda kwenye testi ya pili. Gari iwe imesimama mahali tambarare, mbele pasiwe na mtu wala ukuta, vuta handibreki kabisa na mguu wa kulia utakuwa kwenye mafuta, kwa hiyo uhakikishe hiyo handibreki inashika kweli. Weka gia ya nne, pandisha injini mpaka kama mizunguko 2000 kwa dakika, achia klachi taratibu. Klachi isiyo na shida itazima injini hapo hapo. Ikiendelea kulia huku gari imesimama, pleti haishiki, kanyaga klachi haraka uzime. Mara moja inatosha, usirudie rudie kuwaonyesha majirani, kila mara unaichoma.

Gia ya nyuma kukwaruza ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huu. Kuteleza ni klachi kukataa kubana, kukwaruza ni klachi kukataa kuachia. Kwanza angalia kapeti. Sicheki, familia nyingi zinaweka kapeti juu ya kapeti kwa sababu ya matope na pedali haifiki chini. Pili, magari mengi ya zamani gia ya nyuma haina sinkronaiza, kile kifaa cha kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, kwa hiyo ukikanyaga na kuiingiza hapo hapo lazima ikwaruze, kanyaga mpaka chini, hesabu mpaka nne, ndio uingize. Kama bado inakwaruza, fungua boneti uangalie kile kikopo kidogo cha klachi karibu na cha breki. Mafuta yakiwa yameshuka au meusi kama kahawa, chungulia pale silinda ya chini ilipo ubavuni mwa giaboksi, inua mpira wake, ukikuta unyevunyevu basi mpira wa ndani umeisha. Hiyo inatengenezwa bila kushusha giaboksi, alafu wanatoa hewa kwenye laini na kujaza mafuta mapya ya breki, DOT 3 au DOT 4, isiwe oili ya injini hata siku moja, inavimbisha mipira yote.

Na sikiliza. Injini inanguruma, gia haijaingizwa, mguu haupo kwenye klachi, kuna mlio, ukikanyaga klachi mlio unapotea: hiyo ni beringi ya shafti ya giaboksi. Ukikanyaga ndio mlio unaanza: rilizi beringi, ile inayosukuma presha pleti ili klachi iachie.

Sasa tuseme testi ya gia ya nne imefeli. Hapo fundi wa pili ameshinda na nakushauri ununue vitatu pamoja, klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, vya injini yako, uende na namba ya injini au na pleti ya zamani mkononi muhesabu meno ya katikati na mpime upana, kwa sababu Corolla ni nyingi na za ukubwa tofauti. Kazi kubwa ya klachi ni kushusha giaboksi, kutoa shafti za magurudumu, kumwaga oili, kushikilia injini isianguke. Ukibadilisha pleti peke yake ukaacha beringi ya 1997, beringi ikilia mwezi ujao unalipa kazi ile ile mara ya pili. Mjini Kampala utakuta kila kitu, ukifika Kisekka kwenye soko la spea utaletewa klachi ya mtumba mpaka kwenye dirisha la gari. Mimi mtumba nakubali taa, mlango, hata injini, lakini klachi ya mtumba hujui mwenzako aliichoma mara ngapi. Na zile pleti za kubandikwa lainingi upya, kwa gari ya kubeba watoto milimani siziweki.

Kosa langu mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimwekea mzee mmoja klachi mpya kabisa kwenye gari kama yako, nikafuta oili niliyoiona nyuma ya flaiwili, nikafunga, nikapokea hela yangu. Wiki tatu tu karudi, inateleza. Nikashusha tena, pleti mpya inang'aa oili, kumbe ile oili sili, pete ya mpira ya kuzuia oili isitoke, ya nyuma ya injini ilikuwa inavuja na mimi nilifuta tu. Nilinunua pleti nyingine kwa mfuko wangu na kazi nikafanya bure. Sili ni kitu kidogo cha kushika kiganjani. Kwa hiyo giaboksi ikishuka, mwambie fundi akuite uje uone: pale nyuma ya injini pakavu au pana oili? Mbele ya giaboksi je? Pakiwa na oili, sili ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwambie pia akuonyeshe uso wa flaiwili. Ikiwa na madoa ya bluu au vinyufa vidogo ni joto lile la Sipi, ipelekwe kwa wenye mashine ya kuchonga vyuma isawazishwe, iliyopasuka sana itafutwe nyingine. Grisi kwenye meno ya shafti apake kama anapaka mafuta ya mdomo, ikizidi inarushwa kwenye pleti. Na vumbi la klachi asilipulize kwa kompresa, lainingi za zamani nyingine zina asbesto na hilo vumbi likiingia kifuani halitoki, afute na kitambaa kibichi. Watoto wakae mbali.

Shule? Kama ni tambarare na karibu, bila mzigo, siku mbili tatu ukisubiri spea unaweza, mradi isitoe harufu. Kapchorwa hapana. Ikikuachia katikati ya kona na lori nyuma yako, handibreki ya gari ya 1997 sitaki uitegemee.

Ikishafungwa mpya, kilomita 500 za mwanzo iendeshe kwa upole, usivute mzigo. Na mwambie mzee asishikilie gari mlimani kwa hafu klachi, yaani pedali imekanyagwa nusu, kwenye jamu, handibreki ipo, na mguu asiupumzishe kwenye pedali. Najua ni yeye, manake wewe umeandika mpaka harufu na vioo.

Fanya testi ya gia ya nne alafu niandikie ilizima au haikuzima, na kapeti ziko ngapi.