Wasomaji Wanauliza: Uwiano Unapobadilika

SWALI: A:B ni 2:3 na B:C ni 4:5. Nimeandika A:B:C ni 2:3:5, nikaambiwa nimekosa. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu B ina sura mbili, 3 na 4, nawe umeitupa moja. Ifanye iwe moja: KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4 ni 12. Uwiano wa kwanza zidisha kwa 4, wa pili kwa 3, upate 8:12 na 12:15. Jibu ni 8:12:15.

SWALI: Namba mbili zina uwiano wa 3:5. Kila moja ikiongezwa 4, uwiano unakuwa 5:7. Mbona mimi napata 7:9?

JIBU: Umejumlisha 4 kwenye mafungu, si kwenye namba. Namba zenyewe ni 3k na 5k. Basi (3k+4)/(5k+4) = 5/7; zidisha kimshazari: 21k+28 = 25k+20, k ni 2. Namba ni 6 na 10.

Kwenye mtihani wa kukimbizana na saa, tumia tofauti. Ukiongeza kiasi kilekile pande zote mbili, tofauti ya namba haisogei. Katika 3:5 tofauti ni mafungu 2, katika 5:7 pia 2, kwa hiyo mafungu yanalingana. Kutoka 3 hadi 5 yameongezeka 2, nayo ni sawa na 4. Fungu moja ni 2.

Hapa wengi huteleza: tofauti zisipolingana, zilinganishe kwanza. Tuseme 2:5 imekuwa 3:5 baada ya kuongeza 10 kila upande. Tofauti ni 3 na 2, kwa hiyo andika 4:10 na 9:15, zote zitofautiane kwa 6. Ongezeko ni mafungu 5, fungu moja ni 2, namba ni 8 na 20.

SWALI: (3x+2y)/(3x−2y) = 13/5. Tafuta x:y bila hesabu ndefu.

JIBU: Kila upande, weka jumla ya kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (ya chini) juu, tofauti yake chini. Kushoto unabaki na 6x/4y, kulia 18/8. Hivyo 3x/2y = 9/4, na x:y ni 3:2. Inakubalika kwa kuwa umeongeza 1 pande zote, ukatoa 1 pande zote, kisha ukagawanya matokeo hayo. Usiishie 9:4, maana hiyo ni 3x kwa 2y, na mara nyingi imewekwa makusudi kati ya majibu ya kuchagua.